Sahani ya Bi Umulkheir

Sehemu ya Saba

Tulipoachana, Wafula alikuwa ameshika mkebe wa majani ya chai kwa mkono mmoja na kifuniko kwa mkono wa pili, na Kerubo ameegemea ukuta akitamani ukuta umfiche. Najua mlinung'unika. Mmoja wenu alinisimamisha njiani akaniuliza kama sina mama. Ninaye, na yeye pia amekasirika. Haya, kifuniko kinafunguka.

Wafula akachungulia ndani. Akautikisa mkebe. Akachungulia tena.

"Kerubo."

"Ndiyo."

"Pesa ziko wapi?"

Kwa aliyejiunga nasi leo: ndani ya mkebe ule mlikuwa na bei ya ng'ombe wawili. Wafula, kijana wa Kibukusu, karani wa kazi za barabara kule Mokowe, alimwoa Kerubo wa Kisii miezi mitano nyuma kwa ahadi kwamba ng'ombe wawili waliosalia katika mahari watalipwa kabla ya mwaka wa 1967 kuingia. Baba mkwe hakuipenda ndoa ile tangu mwanzo. Binti kuolewa na kabila jingine ni jambo moja, kupelekwa mpaka Lamu, ambako nchi inaishia majini, ni jambo la pili.

Basi 1967 ilikuwa imeshaingia. Na Crispus, kaka mkubwa wa Kerubo, alikuwa ameshafika Mokowe anangoja kibali cha polisi avuke Jumatatu. Alikuwa amemwambia Wafula maneno manne tu: "Ng'ombe wawili au dada."

Na mkebeni zilikuwa zimebaki sarafu za kununulia mkia.

"Nimezitumia," akasema Kerubo.

"Kwa kitu gani?"

"Chakula."

"Chakula!" Wafula akamtazama mkewe kutoka utosini hadi miguuni. Kerubo alikuwa amekonda mpaka gauni linamcheza mabegani. "Hicho chakula kimeingia wapi?"

Kerubo akazidi kujibana ukutani.

"Nimepita dukani kwa Barka sasa hivi. Barka ananisifu mbele ya watu. Ananiambia, Bwana Wafula, nyumba yako ina neema, mkeo hununua mchele na nyama kila siku kama mwenye wageni. Nikacheka. Nilicheka, Kerubo! Sasa niambie. Mimi nalala Mokowe Jumatatu mpaka Jumamosi. Nani anakula nyama nyumbani kwangu?"

Kerubo akaketi kitini.

"Ni mwanamume?"

Neno kama hilo likishatoka halirudi kinywani. Kerubo alijiinamia kwenye kiti. Kilichomuuma si kushukiwa. Kilichomuuma ni kwamba kwa miezi mitano alikuwa ametamani mtu yeyote, mzee, mtoto, mwendawazimu, aingie akae naye dakika chache, na hakuna aliyeingia.

"Ngoja magharibi," akasema polepole. "Utamwona."

Masikio ya Wafula yalipiga kengele. Akachukua mchi wa kinu, akavuta kiti mpaka mlangoni, akakaa ameuelekea mlango wa mtaani. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, na jioni ile mtaa mzima ulinukia vitunguu na nazi. Watu walipita wakiharakisha makwao. Hakuna aliyesimama.

Adhana ikasikika. Wafula akakaza mkono kwenye mchi.

Pwa! Kitu kikaanguka nyuma yake, uani.

Akaruka, akageuka, mchi juu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kikapu cha ukindu kinachoning'inia kwenye kamba, na kamba inatoka juu, dirishani kwa mwenye nyumba.

"Huyo ndiye," akasema Kerubo. "Mpige."

Niwaeleze nyumba hiyo. Wafula alipanga chumba cha chini katika nyumba ya mawe ya Bi Umulkheir, mjane wa watu wa mji. Bi mwenyewe alikaa juu peke yake. Ngazi ya kwenda kwake ilikuwa na mlango wake, na mlango huo ulikuwa umefungwa siku zote. Katikati palikuwa na ua mdogo usio na paa, na dirisha la juu lilifungukia ua huo. Ndipo kikapu kilipopita.

Wafula akafunua kawa. Samaki wa kupaka bado anatokota mafuta, mikate ya mofa, na kaimati zinazong'aa kwa shira.

"Bi Umulkheir anakupa chakula?"

"Kila siku tangu Ramadhani ianze. Kabla ya hapo, Ijumaa kwa Ijumaa."

"Basi pesa zingebaki! Mtu akikulisha pesa huisha vipi?"

"Sahani hairudi tupu, Wafula. Barka mwenyewe aliniambia siku ya kwanza. Na hata kwetu Kisii chombo cha mtu hakirudi kikavu. Akileta samaki, mimi napeleka wali. Akileta mkate wa sinia, napeleka nyama. Nikipeleka nyama, kesho yake analeta mguu wa mbuzi. Sasa mguu wa mbuzi nirudishe nini? Nikanunua kuku mzima."

Wafula akaketi chini na mchi wake. Kwanza akacheka, maana hapakuwa na mwanamume. Halafu akakumbuka Jumatatu.

"Umemlisha mwenye nyumba ng'ombe wawili," akasema. "Pembe, kwato na mkia."

"Nilitaka kuacha. Siku moja nilishika sahani nikasema leo nairudisha na asante peke yake. Nikashindwa."

"Ulishindwaje? Asante ni bure!"

"Krismasi hukuja."

"Mashua zilizuiwa, Kerubo. Shifta walikuwa barabarani na bunduki. Unajua."

"Najua. Sikulaumu. Nilivaa gauni la arusi nikakaa hapa ulipokaa wewe. Watu wamefunga, mji kimya, sikusikia hata wimbo mmoja. Nikajiimbia, nikaona haya, nikanyamaza. Jioni kikapu kikashuka. Ndani mna chakula, na juu ya kawa ametandaza maua ya asumini. Halafu akaniambia kutoka dirishani, 'Sikukuu njema, Kerubo.' Sijui nani alimwambia ni sikukuu yangu." Akapangusa pua kwa kiganja. "Jumatatu mpaka Jumamosi hakuna mtu anayelitaja jina langu, Wafula. Hata dukani mimi ni 'mke wa karani'. Kamba ile ikishuka, najua kuna mtu anajua kwamba nipo. Ningeiachaje?"

Mwanamume mwingine hapo angemshika mkono mkewe. Lakini Wafula alikuwa na Crispus kichwani, na mtu mwenye shemeji kichwani hana nafasi ya kitu kingine.

Akamimina samaki kwenye sufuria yao. Akapangusa sahani kwa ncha ya shati lake. Akairudisha kikapuni.

"Usifanye hivyo," akasema Kerubo.

"Leo inarudi tupu."

"Nakuomba."

Wafula akavuta kamba mara mbili. Kikapu kikapanda, kikagonga kizingiti cha dirisha, kikaingia. Wakasikia sahani ikiinuliwa. Halafu hawakusikia kitu. Kwa kawaida kikapu huachwa kikining'inia pale juu mpaka kesho yake. Jioni ile kamba yote ilivutwa ndani, mpaka ncha.

Wafula alikula samaki wake. Kerubo hakula.

*

Jumapili asubuhi Wafula alitoka kwenda kukopa. Aliwaendea watu wa bara wote aliowajua pale mjini, askari, makarani, walimu. Wapi! Januari ni Januari. Waliokwenda makwao Krismasi walikuwa wamerudi na mifuko iliyotobolewa, na wasiokwenda walikuwa wametuma pesa kwa wanaokwenda. Mwalimu Fanuel alimpa chai na ushauri mwingi sana juu ya kuweka akiba katika ndoa changa. Lakini ushauri huwezi kuufunga kamba shingoni ukauswaga mpaka Kisii.

Aliporudi alasiri alimkuta Kerubo uani, kwenye kigoda, mikono mapajani. Hakuwa akifanya lolote. Wafula akaketi karibu naye. Nadhani aliketi kwa kukosa pa kwenda.

Jua likapanda ukuta wa mashariki, likawa utepe, likaondoka. Paka wa Bi Umulkheir akatokea dirishani, akawatazama, akarudi ndani. Nje watu walisalimiana, wakaulizana habari za mama na za watoto, kila mtu akajibiwa. Hakuna salamu iliyokuwa yao. Wafula akafungua kifungo cha shati, akidhani ni joto.

"Kila siku ni hivi?" akauliza.

"Kila siku ni hivi. Ila kulikuwa na kamba."

Adhana ya magharibi. Wote wawili wakainua macho. Dirisha lilikuwa wazi, lakini kamba haikushuka.

Ndipo waliposikia komeo. Si la mlango wa mtaani. Lilikuwa la mlango wa ngazi, ule ambao hawakuwahi kuuona umefunguliwa.

"Hodi," ikasema sauti.

Bi Umulkheir alisimama kizingitini ndani ya buibui, yaonekana macho tu na mikono miwili iliyoshika sahani. Alikuwa mfupi kuliko Kerubo alivyomdhania. Hakumtazama Wafula. Alimtazama Kerubo.

"Mwanangu, yana jioni sahani yangu imerudi tupu. Nimekaa yuu nafikiri mpaka daku. Nimekukosa nini?"

"Hujanikosea kitu, Bi. Ni..."

"Ni mimi," Wafula akaingilia, akasimama. "Mimi ndiye niliyeirudisha. Samahani, Bi Umulkheir, lakini sahani zako zimetumaliza. Tulikuwa na pesa za mahari, ng'ombe wawili, zote zimekwenda kwa wali na nyama za kukurudishia."

Sasa yule mama akamgeukia.

"Pesa zipi, Bwana Wafula?"

"Zetu. Tulizoweka."

"Mlizoweka. Na kodi yangu? Miezi mitatu sijaiona kwa mato yangu. Hiyo nayo mumeiweka wapi?"

Kerubo akacheka kidogo, kama mtu anayesahihisha kosa la mzee. "Kodi inalipwa, Bi. Kila mwisho wa mwezi Wafula huiacha dukani kwa Barka akuletee. Si huiacha, Wafula?"

Wafula akatazama sakafu.

"Wafula?"

Mficha uchi hazai, na huyu alikuwa ameuficha miezi mitatu. Kerubo akamtazama mumewe, akautazama mkebe ulioachwa wazi dirishani mwa chumba chao, akamtazama tena.

"Uliitia humo," akasema. "Kodi ya watu uliitia mkebeni."

"Nilitaka ng'ombe watimie. Wasije wakakuchukua."

Kerubo akamgeukia mwenye nyumba. "Mbona hukudai, Bi? Miezi mitatu!"

"Mimi?" Bi Umulkheir akajivuta ndani ya buibui lake. "Nishuke tini nimwambie mwanamume wa watu, nipa pesa? Sisi hatukulelewa hivyo. Mtu akikawia, humtumia sahani. Akila chakula chako atakukumbuka. Nalituma samaki mukumbuke kodi, mukaniletea wali. Nikasema, hawa ni watu wa bara, hawajafahamu. Nikatuma mbuzi wafahamu. Mukanitumia kuku mzima! Nikasema, Subhana 'llah, watu gani hawa? Kulisha wanaweza, kulipa hawawezi?"

Mmeona, wasomaji wangu? Kodi iliingia mkebeni, ikatoka mkebeni ikawa wali, wali ukapanda kwa kamba, na mwenye kodi akaula kwa mkono wake akisema kodi haijaja. Nimeishi sana, lakini deni lililolipwa kwa pilau huku mdai na mdaiwa wote hawana habari sijapata kuliona.

"Na weye Kerubo usidhani nina mali," Bi Umulkheir akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Kodi ya chumba hiki ndiyo mtele wangu, ndiyo chakula changu. Mbuzi yule nilimnunua kwa bangili."

"Bi!"

"Bangili si kitu. Mkono wenyewe nani anautazama? Wanangu mmoja yuko Mombasa, mmoja Arabuni. Nyumba yote ile ni mimi na paka. Na wallahi nikuambie kweli, kodi yenyewe mwishowe naliisahau. Nikawa nakaa nangojea magharibi, nivute kamba nione mwanangu ametia nini." Akainama akaiweka sahani kwenye kizingiti. "Yana nimevuta, mikono ikaniambia kabla ya mato. Kikapu kilikuwa chepesi."

Kerubo alikuwa analia, na hakuficha.

"Kodi muniletee kabla ya Idi," akasema Bi Umulkheir. "Sahani hiyo kaeni nayo. Mimi na sahani basi."

Akapanda. Komeo likarudi mahali pake. Kwenye sahani aliyoiacha mlikuwa na tende tatu. Hata siku ya kugombana hakuja na sahani tupu.

Wafula akafungua kinywa.

"Usiseme kwamba ulifanya kwa ajili yangu," Kerubo akamkatiza.

"Lakini ni kwa..."

"Uliniuliza kama ni mwanamume. Kwa pesa ambazo hata hazikuwa zako."

"Nisamehe."

Lilikuwa neno dogo kwa chumba kile. Kerubo akala tende moja, akaziacha mbili, akalala ameuelekea ukuta.

*

Jumatatu Crispus akaja na mashua ya kwanza.

Kerubo alimsikia kabla ya kumwona. Mtu alisimama mlangoni akaliita jina lake, na akaliita kwa Kikisii, vile mama yake anavyoliita, na salamu zote za kwao zikafuata nyuma. Miezi mitano! Kerubo alimrukia kaka yake akamshika koti, asimwachie. Crispus, mtu mrefu mwenye vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, hakujua la kufanya na mikono yake. Mkono mmoja ulikuwa na mfuko.

"Mama amekutumia unga wa wimbi. Alisema huku hamna."

"Hamna," akasema Kerubo, akaukumbatia mfuko kama mtoto.

Akampikia chai. Crispus akanywa kikombe chote, akakiweka chini.

"Sasa, shemeji. Ng'ombe."

Hapa mimi mwenyewe nilitegemea Wafula aseme uongo. Alikuwa nao mwingi tayari. Angesema pesa ziko posta, angesema mshahara umechelewa, angesema njoo mwezi ujao. Lakini alikuwa ameketi alasiri nzima uani na mkewe, na labda jua lile lilimfanyia kitu.

"Hakuna ng'ombe," akasema. "Zilikuwako pesa, zikaisha. Na kusema kweli hazikuwa zangu. Nilizuia kodi ya mwenye nyumba nikaitia katika mkebe, na mke wangu sikumwambia. Zilipoisha nilimshuku dada yako jambo baya ambalo hakulifanya. Yeye alimlisha jirani kwa sababu alikuwa peke yake. Aliyemwacha peke yake ni mimi."

Crispus akakisukuma kikombe kando.

"Umesema kweli, nakushukuru. Wengine hawasemi," akasema. "Lakini kweli hatuikami maziwa. Kerubo, funga mizigo. Mashua inarudi saa saba. Nauli yako ninayo."

"Kerubo, kaa," akasema Wafula. "Nitalipa. Nitakata kila mwezi..."

"Baba alisema ng'ombe wawili au dada."

"Nitakuja mwenyewe kwa baba!"

"Njoo. Mkeo utamkuta kwetu."

Wanaume hao wawili walibishana juu ya kichwa cha Kerubo kama watu wanaopatana bei ya kitanda. Hakuna aliyemuuliza neno. Akatandika leso chini, akaweka magauni yake, Biblia, kitana, picha ya arusi. Akaitazama picha, akaitoa. Akaitazama tena, akairudisha. Akafunga fundo. Mali yote ya mke wa karani ilienea ndani ya leso moja na nafasi ikabaki.

Wafula akanyamaza alipoliona lile fundo.

"Twende," akasema Crispus.

"Bado kuna sahani ya watu."

"Iache mlangoni, ataiona."

"Hairudi tupu," akasema Kerubo.

Akatazama huku na huku. Mkebeni mlikuwa na zile sarafu, hakuzigusa. Tende mbili zilikuwa za mwenyewe. Mwisho akatia mkono shingoni, akavua uzi uliokuwa na ufunguo wa chumba, akauweka katikati ya sahani.

Wafula akafumba macho.

Kerubo akatoka uani, akasimama chini ya dirisha. Katika miezi yote ile hakuwahi kupaza sauti ndani ya nyumba hiyo. Sasa aliipaza.

"Bi Umulkheir! Teremsha kamba!"

Paka akachungulia.

"Bi Umulkheir! Naondoka. Nakuletea chako."

Crispus akajikohoza. Halafu kikapu kikatokea dirishani kikaanza kushuka polepole, kikijigonga ukutani. Kerubo akaweka sahani, akavuta kamba. Kikapu kikapanda.

Walisikia ufunguo ukigonga udongo wa sahani. Walisikia miguu ya kizee ikienda na kurudi, ikienda na kurudi. Kifuniko cha sufuria kikaanguka mahali. Miguu ikaja tena dirishani, na kikapu kikashuka.

Katika sahani mlikuwa na ufunguo. Haukuwa ule wa chumba. Ulikuwa mkubwa wa chuma, umefungwa kitambaa chekundu kilichochakaa.

"Kerubo," sauti ikasema kutoka juu. "Huo ni wa mlango wa ngazi. Ndoo yuu, upande kwangu."

Crispus akamtazama Wafula. Wafula akamtazama Crispus. Kerubo akawatazama wote wawili, mmoja ana nauli, mmoja ana ahadi.

"Kerubo, mashua," akasema kaka.

"Kerubo, mke wangu," akasema mume.

Kerubo akachukua ufunguo. Leso yake aliiacha pale pale chini na fundo lake. Akaenda mpaka mlango wa ngazi, akasita, akarudi haraka. Wafula akanyoosha mkono. Lakini Kerubo alipita mbele yake, akauchukua mfuko wa unga wa wimbi, akaupakata.

"Siendi mikono mitupu," akasema.

Akafungua mlango akapanda. Mlango ukafungwa nyuma yake, na komeo likapita kutoka ndani.

Wanaume wakabaki uani wakitazama juu. Walisikia wanawake wawili, mmoja anacheka au analia, haikujulikana. Walisikia sufuria likipanguswa. Wafula akatega sikio asikie kama jina lake litatajwa. Jina la mama mkwe lilitajwa, na la Kisii, na la Mombasa. La kwake halikutajwa. Akasimama pale kwa muda mrefu akilingoja, na kwa mara ya kwanza akajua Jumatatu hadi Jumamosi ni nini.

Kikapu kikashuka tena.

Wafula akakimbilia. Ndani mlikuwa na sahani ile ile, safi, imepanguswa, haina kitu.

"Bwana Wafula!" Bi Umulkheir akaita. "Mkeo yuko kwangu. Kodi yake haitakiwi. Sahani hiyo ni yako, nayo hairudi tupu!"

Crispus akaketi juu ya mzigo wa dada yake, akavua kofia, akajipepea. Ilionekana amesahau habari ya mashua.

"Shemeji," akasema, "una nini cha kuweka?"

Wafula akatia mkono mfuko wa kulia. Akatia mfuko wa kushoto. Akageuka akautazama mkebe dirishani, akautazama mlango wa ngazi, akaitazama ile sahani tupu mkononi mwake.

Huko juu mtu akavuta kamba mara mbili, kwa pupa, na Wafula hakujua ulikuwa mkono wa nani.